Nataka kuzielewa pointa: nianze na C, Go au Rust?

Mchakataji
Wakuu, wiki ijayo naanza kujifunza pointa na nataka kushika lugha moja tu ya kuandikia programu. Nimechuja, zimebaki C, Go na Rust. Ipi inafaa?

Nondo
Hujasema unatoka lugha gani wala unataka kuja kuandika nini. Tutabaki kupiga ramli.

Tulizo
C, bila kusita. Pointa ni kigeu kinachobeba anwani ya mahali kwenye memori, basi. Andika `int x = 7; int *p = &x;` kisha chapisha p na *p: ya kwanza anwani, ya pili 7. Halafu chapisha p+1. Kwenye kompyuta nyingi anwani itaruka baiti 4, si 1, kwa kuwa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) inajua ukubwa wa int, yaani namba nzima. Go haikuruhusu hesabu hiyo kwa pointa za kawaida.

Mchakataji
Natoka Python. Labda nitaandika seva, labda vifaa vidogo.

Nondo
Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, ndugu. Kwa seva, Go inatosha: & na * ni zilezile, na memori isiyotumika inakusanywa yenyewe.

Salha
Kabla hujaikumbatia C, sikia. Nilirithi programu ambayo funksheni moja ilitengeneza bafa (eneo la muda la kuwekea data) ndani yake, ikarudisha anwani ya bafa hiyo. Funksheni ikimaliza, nafasi yake kwenye steki (memori ya muda ya funksheni) inaachiwa na nyingine inaandika juu yake. Balaa ni kwamba kwenye majaribio majibu yalitoka sawasawa! Tukiwasha -O2, yaani kompaila iharakishe programu, majina yanatoka takataka tupu. Tukashuku hifadhidata, tukashuku mtandao, tukabadilisha hadi seva. Kumbe ni mstari mmoja, na aliyetangulia alikuwa amezima maonyo yote ya kompaila. Kwenye Go kurudisha &x ni halali, kigeu kinahamishiwa kwenye hipu, memori inayobaki hata funksheni ikiisha. Rust inagoma kukompaili rejeo la namna hiyo.

Tulizo
Basi mwenye lawama ni aliyezima maonyo. Washa -Wall (maonyo) na -fsanitize=address (ukaguzi wa memori) tangu siku ya kwanza.

Kipanga
Tulizo, nyota ikae na aina: `int* p`. Inasomeka vizuri zaidi.

Tulizo
Hapana! `int* a, b;` inakupa pointa moja tu; b ni int ya kawaida. Nyota ni ya jina.

Kipanga
Tangaza kigeu kimoja kila mstari, ugomvi umekwisha.

Salha
Mleta mada, kwenye Python ukiandika a = b kwa orodha, kisha ukaongeza kitu kwenye a, b nayo inaonyesha. Majina mawili, kitu kimoja. Anzia hapo.

Mchakataji
Hilo nimeliona mara nyingi, asante dada. Na pointa isiyoelekea popote?

Nondo
Go ina nil; ukiifuata, programu inaanguka. Rust inakulazimisha kutumia Option, aina inayosema wazi kama kitu kipo au hakipo. Tony Hoare, aliyebuni rejeo tupu (null) mwaka 1965, aliliita mwenyewe kosa la dola bilioni moja.

Tulizo
Mchakataji, vifaa vidogo gani hasa? Vyenye kilobaiti chache za memori? Go ya kawaida haiingii humo.