Kikundi cha joging kiliniacha gizani na mbwa. Nihame au nivumilie?

MgeniWaMakaoMakuu
Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mama wa miaka 39, nilihamishiwa Dodoma kikazi mwaka jana, naishi Kisasa. Mume na watoto wamebaki Dar. Mwezi wa tatu nilipima presha ikasoma 152 kwa 96. Daktari akanianzishia dawa na kuniambia niache kukaa kwenye kiti kutwa. Jirani akanipeleka kwenye kikundi chao cha joging. Kiingilio elfu kumi, jezi elfu thelathini, mchango wa mwezi elfu tano. Nikalipa vyote.

Tunaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri kila Jumamosi. Mwanzoni raha tupu: mstari, filimbi, nyimbo. Tukishapita kilomita ya pili mstari unakatika, vijana wanachomoka, mimi nabaki na vumbi lao. Jumamosi iliyopita tulielekea Iyumbu. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, kuinua kichwa sioni hata mtu mmoja. Nyimbo nazisikia kwa mbali kama redio ya jirani. Mara mbwa watatu wakatoka kwenye pagala. Nilivua kiatu nikakishika kama silaha, mguu mmoja soksi, napiga kelele peke yangu. Aliyeniokoa ni mwenye bodaboda aliyekuwa anapita.

Saa mbili nafungua WhatsApp: picha ya supu na chapati, chini yake "Tumemaliza wote salama." Wote! Mwekahazina naye akafuatia kutukumbusha mchango.

Ningekuwa nimeshaondoka. Ila nilipougua mwezi wa tano, kina mama wawili wa kikundi hicho ndio walioniletea uji siku nne mfululizo. Nje ya ofisi sijui watu wengine hapa mjini. Nifanyeje?

PagalaLaNkuhungu
Hama. Elfu thelathini ya jezi ihesabu sadaka.

Mchokozi77
Mume yupo Dar, mke anaamka alfajiri kukimbia na vijana. Haya bwana.

DadaZamuYaUsiku
Mchokozi, mwenzio anaongelea presha na mbwa, wewe unawaza yako.

Dada, pole sana. Kwanza dawa usiache hata ukijisikia mwepesi kiasi gani, watu wengi wanaponzwa na hapo. Pili, kasi yako ni ile unayoweza kukimbia huku unaongea sentensi nzima. Ukianza kutoa neno mojamoja, tembea. Kimbia dakika mbili, tembea moja, hakuna anayekudai. Tena umetoka pwani, na Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usishangae kama pumzi ilikukatika wiki za mwanzo. Hewa ya huku ni kavu pia, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo kunywa maji hata kama hujisikii kiu.

Mbwa usimkimbie. Simama, usimkodolee macho, rudi nyuma polepole. Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Usisubiri uone kama kitavimba. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, sisi wa wodini hatuna cha kukufanyia.

Mzee_wa_Area_C
Mbukwenyi.

Binti yangu, hao viongozi wenu wanafuata saa ya Dar. Huku jua linachelewa kuliko Dar kwa karibu robo saa, na Julai hii linachomoza inakaribia saa moja. Saa kumi na moja na nusu ni usiku kabisa. Waambie wasogeze muda hadi saa kumi na mbili na nusu, wazunguke barabara zenye taa. Iyumbu waende kukiwa kumepambazuka.

MtotoWaIramba
Kukaa nyuma si aibu. Simbu wetu wa Singida, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo 2025, alimpita Mjerumani Petros hatua za mwisho kabisa, wote wakaandikiwa 2:09:48, dhahabu ikaja nyumbani.

PagalaLaNkuhungu
Simbu alikuwa nyuma ya mtu mmoja, siyo nyuma ya kikundi kizima na mbwa watatu 😂

KasiNdogo
Mimi nimewahi kuongoza kikundi, nikwambie ukweli: huwa hatujui. Mtu wa mbele hageuki, anadhani nyimbo zinawavuta wote. Sisi tulijifunza pale mama mmoja alipoteguka mguu, tukagundua hayupo tukiwa tumeshaagiza supu.

Tangu siku hiyo tunahesabu watu kabla ya kuondoka na tukifika. Mtu mmoja mwenye mbio anapangiwa kukaa nyuma kwa zamu, haruhusiwi kumpita yeyote, hata kama wa mwisho anatembea. Na tunakimbia mzunguko mfupi unaorudia palepale, anayechoka anatusubiri hapohapo. Bure kabisa, hakuna cha kuchangisha.

Usiandike kwenye grupu, watakujibu kwa vikatuni. Mfuate mwenyekiti ana kwa ana, nenda na wale kina mama wa uji. Mkiwa watatu hawezi kusema ni wewe tu unayedeka.

MgeniWaMakaoMakuu
Asanteni, hata Mchokozi (mume kasoma, kacheka).

Mrejesho. Jana jioni tulikwenda watatu. Mwenyekiti alianza kwa "mbona hukupiga simu", mama mmoja akamuuliza, "Ungeisikia na filimbi mdomoni?" Akanyamaza. Kumbe mama huyo naye aliwahi kuachwa mara mbili, akawa anasingizia goti. Muda umesogezwa hadi kumi na mbili na nusu, na kijana wa mbele kabisa ndiye kapangiwa nyuma Jumamosi hii. Kanuna. Kuhusu kuhesabu watu wamesema "tutaona".

Nitakwenda Jumamosi mbili, nikiachwa tena naondoka na mama zangu wawili.

Mzee_wa_Area_C
Jumamosi ya mwisho wa mwezi usiihesabu, nusu yao watakuwa wamepanda SGR kwenda Dar.

PagalaLaNkuhungu
Hiyo supu mnakunywa wapi?