Kikundi cha Ukoo: manjano ya South Pacific

Kitindamimba: Shikamooni wakubwa. Naangalia filamu ya nyimbo, South Pacific ya 1958; wimbo wa Bali Ha'i ukianza picha inageuka manjano, mara zambarau. Ni TV au faili limeharibika?

Anko: Marahaba. TV nzima, faili zima. Ni vichujio vya rangi mbele ya lenzi, kwenye nyimbo. Mwongozaji Joshua Logan alitaka rangi ipite kwa mbali tu.

Shangazi: Kwa mbali? 😂 Watu kama wamemwagiwa binzari!

Anko: Ndivyo ilivyotoka, na tiketi zilishauzwa. Muda wa kurekebisha haukuwepo.

Kitindamimba: Si maabara wangeyaondoa?

Anko: Kichujio cha manjano kinazuia buluu isiingie kwenye kamera. Isipoingia, kwenye negativu (mkanda wa asili wa kamera) haipo, utarudisha nini? Na ukishusha rangi kwenye TV, zitakazopauka ni zile sehemu zisizo na kichujio.

Mama Mdogo: Wala usivute picha ijae kioo. Ilipigwa kwa Todd-AO, mfumo wa filamu pana: upana kwa kimo ni 2.20 kwa 1, TV zetu ni 1.78 kwa 1. Ile mistari myeusi juu na chini iache. Ukivuta, unakata karibu sehemu ya kumi kila upande, na wale mabaharia wa ufukweni wamepangwa hadi ukingoni.

Kitindamimba: Mbona midomo ya mwigizaji Rossano Brazzi hailingani na wimbo?

Mama Mdogo: Sauti ni ya Giorgio Tozzi, mwimbaji wa opera. Pima kwa mwigizaji mwenzake Mitzi Gaynor, yeye kaimba mwenyewe. Yake ikilingana, sauti usiiguse.

Shangazi: Kinachoniuma mimi ni Juanita Hall. Aliigiza mhusika Bloody Mary jukwaani Broadway, New York, tangu 1949, tuzo ya Tony akachukua, halafu kwenye filamu anaimbiwa na Muriel Smith wa jukwaa la London!

Kitindamimba: Bloody Mary ndiye mwenyeji wa kisiwa?

Shangazi: Hapana mwanangu, ni Mvietnamu wa Tonkin, kaskazini mwa Vietnam. Visiwa ni New Hebrides, sasa Vanuatu, koloni la Wafaransa na Waingereza kwa pamoja hadi 1980. Wenye mashamba walileta vibarua wa mkataba kutoka Tonkin. Kwenye tamthilia Kapteni Brackett anamfokea Mary: Wafaransa hawapati mtu wa kuangua nazi, kwa sababu Mary anawalipa watu mara kumi kushona sketi za nyasi. Hapo ndipo ukoloni wenyewe ulipo, si kwenye machweo.

Anko: Machweo yenyewe ya Kauai, Hawaii 😂

Kitindamimba: Haya, ngoja nirudishe rangi. Nilishazishusha zote 🙈