Tupeane uzoefu: dakika tano za mwisho za intavyu, ulizimalizaje?

MsakaTonge_Umoja
Wadau, hamjambo. Tangu Januari nimeitwa intavyu tatu, na zote tatu zimeniharibikia mahali pamoja: mwishoni. Kuingia naingia vizuri, maswali najibu, ila wakianza kufunga mafaili mimi naanza kuboronga.

Ya majuzi ilikuwa Upper Hill, ghorofa ya sita, paneli ya watu watatu. Nusu saa nzima mambo yalikwenda sawa. Halafu mzee wa katikati akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi zangu, akauliza: "Una swali lolote kwetu?" Nikajibu, "La, mmenieleza kila kitu." Hawakuwa wamenieleza chochote! Mimi ndiye niliyekuwa nikieleza muda wote. Nikasimama, nikashukuru mara nne, nikatoka kinyumenyume kama ninayemuaga chifu. Kufika kwenye lifti nakumbuka bahasha ya vyeti iko mezani. Nikarudi, nikabisha, nikafungua. Wote watatu wakanyamaza ghafla. Ule ukimya mtu huujua.

Alhamisi nina nyingine, Industrial Area, kazi ya msaidizi wa ununuzi. Mliopata na mliokosa, semeni mlimalizaje.

BintiKayole
Pole, kaka. Mimi niko mapokezi hotelini, na kazi hii naamini niliipata kwa swali moja. Waliponiuliza kama nina swali nikasema: "Mtu atakayeingia hapa, mngependa katika miezi mitatu ya kwanza awe amewatua mzigo gani?" Wakatazamana. Meneja wa mapokezi, ambaye hadi hapo alikuwa anachezea kalamu tu, akaanza kumwaga yaliyo moyoni: wageni wanaotua alfajiri JKIA, wanafika saa moja asubuhi, vyumba havijafanyiwa usafi, wanamfokea yeye.

Nilikotoka ilikuwa lojingi ndogo tu ya River Road, lakini hilo nililijua. Nikamwambia sisi tulikuwa na benchi, chupa ya chai na daftari la mizigo. Mgeni akishakabidhi begi na kushika kikombe, hasira inapungua nusu. Akacheka. Tukaongea dakika kumi nyingine kama watu ambao tayari tunafanya kazi pamoja.

FundiStoo
Swali zuri, dada, lakini watu wasilibebe lilivyo. Mimi niliokota langu kwenye intaneti: "Utamaduni wa kampuni yenu ukoje?" Bosi akageukia wenzake: "Huyu ni wa ngapi leo?" Mmoja akasema wa tano. Nilitamani sakafu inimeze.

MsakaTonge, mimi ni mtunza stoo huko huko Industrial Area, acha nikupe la nyumbani. Watu wa ununuzi kilio chao ni kimoja: oda zinazochelewa. LPO, ile hati ya kumwagiza muuzaji bidhaa, inalala juu ya meza ya mtu siku nne ikingoja sahihi, mashine imesimama, halafu lawama anapewa muuzaji. Uliza kuhusu hilo. Hilo huwezi kulisoma kwenye tovuti yao.

Jirani46
Mnafundishana kufunga mlango na kazi ina mwenyewe tayari. Nairobi hii bila kujuana utasaga lami mpaka viatu viishe.

BintiKayole
Jirani, hapo kwangu sikumjua hata mlinzi.

MamaWawili
Jirani hajadanganya kabisa, ila si kila mahali. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka kadhaa, niwaambie yanavyokwenda. Siku moja tunaona watu wanane. Baina ya mmoja na mwingine tuna kama dakika tano za kujaza alama, na hapo hapo mwenzangu yuko chooni na mwingine yuko kwenye simu. Ikifika saa tisa alasiri sura zinachanganyika. Nikishika kalamu, ninalolisikia masikioni ni ulilosema mwisho.

Kuna jaribio la mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake la mwaka 1993. Watu walitumbukiza mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakafanya sekunde 60 hizo hizo, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipashwa kidogo kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia ipi, wengi walichagua ile ndefu! Mateso zaidi, lakini mwisho wake ulikuwa afadhali. Kila nikikaa kwenye paneli nawakumbuka. Kuna vijana wamejikwaa katikati kabisa, mwisho wakanyooka, na sisi tukawaandika vizuri.

Lakini msidanganyane kwamba mwisho mtamu unafuta kila kitu. Panapotumika karatasi ya alama, kila mtu anaulizwa maswali yale yale, na "una swali?" mara nyingi haina alama yake. Ukiwa umekosa kwenye kazi yenyewe, umekosa. Mwisho unasaidia pale watu wawili wamekaribiana.

Mtu ninayemkumbuka mpaka leo hakuuliza swali lolote. Alisema, "Kabla sijatoka, mliponiuliza kuhusu kufunga hesabu za mwezi nilijibu nusu, nilikuwa na wasiwasi. Naomba dakika moja niimalizie." Akaimalizia kwa dakika moja kweli, akanyamaza. Nilirudi juu ya karatasi nikabadilisha alama.

Kaptula_ya_Zoom
Yangu fupi. Intavyu ya mtandaoni, nimeaga vizuri, nimevua koti, chini niko na kaptula ya mpira, nikaanza kuimba. Sikuwa nimebonyeza kutoka. Sauti ya mama mmoja ikasema taratibu, "Bado tuko nawe."

Wa_Donholm
Mimi swali langu la mwisho lilikuwa la pesa. "Unatarajia mshahara gani?" Nikajitia unyenyekevu: "Chochote mtakachonipa." Wakanipa hicho chochote. Mwaka mzima baadaye ndipo nikajua mwenzangu wa meza ya pili, tulioajiriwa wiki moja, kazi ile ile, ananizidi elfu kumi na mbili kila mwezi. Yeye alitaja kiasi, basi. Siku hizi nauliza walio kwenye kazi hiyo kabla sijaenda, nataja kutoka hapa hadi hapa, halafu nafunga mdomo. Hapo kwenye kufunga mdomo ndipo pagumu, maana ukimya unakusukuma ujipunguze mwenyewe.

Na ukiambiwa kuna kipindi cha majaribio, uliza ni miezi mingapi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kisizidi miezi sita, na kikiongezwa ni kwa makubaliano yako wewe. Kuuliza hilo si utovu wa adabu.

Nyanya_wa_Ngara
"Unaweza kuanza lini?" Nikasema hata kesho. "Cheti cha mwenendo mwema unacho?" Nilikuwa nacho, cha 2021, na hiyo ilikuwa 2024. Kosa ni langu, maana ilikuwa kuingia tu eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kulipa na kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Kazi ikaenda kwa aliyekuwa na makaratasi mkononi. Nendeni nayo yote kwenye faili: hicho, PIN ya KRA ya kodi, na karatasi ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama ulikopa.

Mzee_Kijana
Mwisho wa intavyu ni getini, wandugu, si mlangoni. Mnajua majumba yetu unaacha kitambulisho kwa mlinzi unapewa kadi ya mgeni. Nilitoka juu nimeng'aa, paneli imenishika mkono, mmoja amesema "tutawasiliana wiki hii". Getini askari anapekua kisanduku, kitambulisho hakionekani. Dakika ya kwanza, ya pili. Nikampandishia: "Kazi yako ni kukaa tu, hata karatasi huwezi kuchunga?" Baba wa watu ananiambia pole, mwanangu, ngoja. Nyuma yangu gari linangoja kizuizi kiinuliwe, dirisha liko chini. Nageuka, ni yule aliyesema tutawasiliana. Kitambulisho kilikuwa kimeshikana na cha mtu mwingine kwa mpira.

Simu haikuja. Siwezi kuapa ni kwa sababu hiyo, lakini uso wake bado nauona.

MsakaTonge_Umoja
Nimesoma zote, ya kaptula mara mbili. Swali la mwisho: niwaandikie baada ya hapo?

MamaWawili
Baruapepe, siku ile ile au kesho yake, mistari mitatu. Shukuru, taja jambo moja mlilozungumza, basi. Na usitume maneno yale yale kwa kila mmoja wetu, huwa tunaonyeshana. WhatsApp ya saa tatu usiku kwenye namba uliyoitafuta mwenyewe, hapana.

MsakaTonge_Umoja (Alhamisi)
Nimetoka sasa hivi, niko City Stadium nangoja gari. Bahasha ninayo, nimeihesabu mara tatu. Getini nimemwita askari "mzee wangu" mpaka akanishangaa.

Walikuwa wawili, mama mmoja na kijana. Mama akauliza kama nina swali. Nikasema, "Hapa kwenu oda ikichelewa, huwa imekwama kwa muuzaji au kwenye sahihi?" Kijana akainamisha kichwa akicheka. Mama hakucheka. Akaniuliza, "Nani amekwambia?" Nikasema ni stoo nyingi zilivyo, nikaeleza nilivyokuwa nafuata LPO kwa miguu meza hadi meza pale nilipofanya atachimenti. Akaandika kitu pembeni ya karatasi, kirefu kidogo, akakipigia mstari chini.

Nimejaribu kukisoma kichwa chini. Nimeona herufi moja tu, na mwandiko wake ni wa daktari.