Bastola kiunoni: ya kuonekana au ya kufichwa? Naomba ushauri kabla ya kesho jioni

DagaaBuchosa
Wakuu, habari za jioni. Nina bastola na leseni ipo. Nataka kununua holsta, yaani mfuko wa kubebea bastola kiunoni, muuzaji ananisubiri mpaka kesho jioni. Anazo mbili: moja ya nje ya mkanda, bastola inaonekana wazi, nyingine ya ndani ya suruali, ukishusha shati hakuna anayejua. Wengine wananiambia wezi wakiiona watakaa mbali, wengine wanasema ficha. Nyie mngechukua ipi? Huwa natembea na fedha za mzigo wa dagaa, hasa sokoni Mwaloni, Mwanza.

Bwiru_Juu
Mkuu, hapo hakuna atakayekujibu vizuri. Bastola gani? Glock, CZ, Tokarev? Unatembea kwa gari, pikipiki au miguu? Unatumia mkono gani? Shati unachomekea au unaachia? Holsta ni kama tairi, bila saizi huwezi kuuziwa. Jaza hayo kwanza.

Askari_Mstaafu
Mimi naongeza swali lililokosekana: leseni yako imeandikwa masharti gani? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala jambo hili, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kuwatia watu hofu. Ukisimama Mwaloni asubuhi mpini umetokeza pembeni, akatokea mtu mmoja akapiga simu polisi, askari watakaofika hawajui kama una leseni. Wanachojua ni kwamba kuna mtu ana bastola sokoni. Nenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya yako, uliza namna ya kubeba, kisha ndiyo umlipe muuzaji.

Kirumba_Texas
Wakuu, mnamtisha bure. Silaha inayoonekana inazuia tukio kabla halijaanza. Kule Texas tangu tarehe 1 Januari 2016 mwenye kibali anabeba bastola wazi kwenye holsta, na tangu Septemba 2021 hata kibali kiliondolewa kwa watu wengi wazima wanaoruhusiwa kumiliki. Maisha yanaendelea. Bastola ya nje unaifikia haraka, haikuchomi mbavu, haikutoi jasho. Mimi nasema ya nje.

Askari_Mstaafu
@Kirumba_Texas, ya Texas yabaki Texas. Hata Marekani kwenyewe hawakubaliani: California walipiga marufuku kubeba wazi bunduki yenye risasi mwaka 1967. Na usiende mbali, Afrika Kusini ambako raia wengi wana bastola, sheria yao Na. 60 ya 2000 inataka bastola hadharani iwe kwenye holsta au mfuko wa kubebea, na iwe imefunikwa kabisa. Sasa Mwanza ambako raia kutembea na bastola nje ni jambo la kushangaza, nani atakuchukulia kawaida? Mwizi wa hapa akiiona hakimbii. Anahesabu mambo mawili: huyu ana fedha, na bastola nayo ni mali. Anarudi na wenzake watatu, wa kwanza anakukumbatia kwa nyuma.

DagaaBuchosa
Samahani wakuu, niliandika haraka. Ni Glock 19. Natumia mkono wa kulia. Nakuja na pikapu kutoka Buchosa kupitia Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sipandi tena kivuko. Nikifika Mwaloni naacha gari, natembea kwa miguu kama saa mbili tatu kati ya magunia. Shati nachomekea. Kitambi kipo kidogo.

Bwiru_Juu
Sasa tunaongea. Glock 19 ina unene wa zaidi ya milimita 30, na ikiwa na magazini (kile kisanduku cha risasi) iliyojaa risasi 15 inafika gramu 850 hivi. Inafichika, lakini si kwa shati la kuchomekea. Achia shati, lishuke chini ya mkanda sentimita 12 hadi 15, lisibane. Shati jeupe la pamba nyepesi linachora umbo lote la mpini, hasa ukiwa na jasho. Kitenge chenye maua makubwa kinaficha kuliko kitambaa cha rangi moja, kwa sababu jicho linapotea kwenye michoro. Na ule upepo wa mchana unaotoka ziwani pale Mwaloni unapandisha shati jepesi mpaka kifuani, kwa hiyo chagua kitambaa kizito kidogo, vifungo vyote vifungwe.

Suruali ya holsta ya ndani inunuliwe inchi 2 zaidi ya kiuno chako. Mkanda uwe mgumu, upana milimita 38 hivi, usiokunjika kwa upande. Mkanda laini wa harusini ukibeba gramu 850 unalala, mpini unajitenga na mwili, na hapo siri imekwisha.

Nafasi: saa 4, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia.

MamaNyegezi
Kaka Bwiru, hiyo saa 4 ni ipi? Kwetu ikiwa saa nne, mshale wa saa uko kwenye 10. Mtu akifuata maneno yako ataiweka mbele kushoto.

Bwiru_Juu
Ni kweli dada, na jambo hili linachanganya watu kila siku kwenye video za Wazungu. Wao wanasoma namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa: kitovu ni 12, nyonga ya kulia ni 3, uti wa mgongo ni 6. Kwa hiyo 4 ni nyuma ya nyonga ya kulia. Tuseme hivyo tu, "nyuma ya nyonga", tuachane na saa.

FundiNgozi_Igoma
Natia neno kama mshonaji. Msimpeleke moja kwa moja kwenye plastiki ngumu. Ngozi ya ng'ombe milimita 3 hadi 4, imelowekwa na kuumbiwa juu ya bastola yenyewe, inashika vizuri na haikwaruzi ubavu. Ila iwe na bati au ngozi ya pili mdomoni ili isijifunge bastola ikitoka. Na kila miezi michache ikague: ikilainika mdomoni, itupe, usiifanyie huruma.

Bwiru_Juu
Fundi, heshima yako ipo, lakini kwa mtu anayetoka jasho kutwa nzima sokoni, ngozi inanyonya chumvi na kuirudisha kwenye chuma. Glock imetiwa dawa nzuri ya kuzuia kutu, ila pini ndogo, springi na risasi haziko hivyo. Risasi zikilala kwenye mfuko wa ngozi miezi mingi zinaota ukungu wa kijani kwenye shaba. Kydex, hiyo plastiki ngumu, unaifuta kwa kitambaa, imekwisha.

Kuhusu mdomo kujifunga, hilo lisemwe kwa kirefu maana ndilo linaloumiza watu. Kuna mfanyabiashara mmoja upande wa Ilemela alinunua kimfuko cha nailoni laini, kile cha "saizi moja kwa bastola zote". Alikuwa ameketi ndani ya gari, akaitoa bastola kwa sababu ilikuwa inambana tumboni, halafu akairudisha bila kutazama. Bastola ilipotoka, mfuko ulikuwa umelala bapa kati ya suruali na mwili. Alipoisukuma, ukingo wa nailoni ulijikunja ukaingia ndani ya kikingio cha triga, yaani kifyatulio. Triga ya Glock inataka nguvu ya kilo 2.5 hivi na mwendo wa milimita 12 tu. Yeye alidhani mfuko umekaza, akasukuma zaidi. Risasi iliingia pajani juu, ikatokea karibu na goti, ikatoboa kiti na sakafu ya gari. Mkewe alivua kanga akaifunga pajani upande wa juu wa jeraha, akakaza kwa kuzungusha spana ya magurudumu mpaka damu ikapungua. Alipona, lakini alitembea na magongo miezi mingi. Bastola haikuwa na kosa. Kidole chake hakikugusa triga. Kitambaa ndicho kilichofyatua.

Kwa hiyo mkuu DagaaBuchosa, kesho mbele ya muuzaji fanya hivi. Toa magazini, vuta slaidi (ile sehemu ya juu inayoteleza), tazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na uguse kwa kidole, risasi zote zibaki mezani pembeni. Ingiza bastola kwenye holsta. Bonyeza kwa nguvu kwa nje pale penye triga: ukisikia triga inasogea, irudishe. Geuza holsta juu chini juu ya mto wa kulalia, itikise mara tano: ikidondoka, irudishe. Kisha toa bastola, tazama mdomo: lazima ubaki wazi wenyewe.

Mzee_Kapripointi
Mimi bado nasema hata hiyo yote ni bure kama anatembea na risasi kwenye chemba. Chemba iwe tupu. Ukihitaji, unavuta slaidi.

Bwiru_Juu
Shikamoo mzee. Kwa Tokarev TT-33 nakuunga mkono bila kusita, haina sefti (kizuizi cha usalama) ya kidole wala kizuizi cha uhakika ikidondoka. Kwa Glock, sefti zake tatu zinazofanya kazi zenyewe zinaizuia isilipuke kwa kuanguka, na kuvuta slaidi kunataka mikono miwili wakati mmoja umeshika begi au umeshikwa na mtu.

Mzee_Kapripointi
Marahaba. Sefti hizo hazikumsaidia yule wa kanga.

FundiNgozi_Igoma
Mzee ana hoja. Mgeni wa kubeba aanze na chemba tupu mwezi mzima, aone kama triga inaguswa na kitu.

Kirumba_Texas
Narudi kwenye ya nje. Kuna holsta za nje zenye kufuli, mtu hawezi kuichomoa hivi hivi. Kwa nini hamzitaji?

Askari_Mstaafu
Tuzitaje basi. Ya nje bila kufuli yoyote usiiguse kabisa, maana pale Mwaloni wapagazi wanapita na magunia mabegani, gunia moja likikwangua nyonga yako bastola iko chini kwenye matope. Yenye mkanda wa kifungo kimoja ni nafuu. Yenye kufuli inayofunguliwa kwa dole gumba ndiyo bora kati ya za nje. Zile za kubonyeza kitufe kwa kidole cha shahada ziepuke: kidole kinachobonyeza kwa papara, bastola ikitoka, kinaendelea kubonyeza, na kinaangukia kwenye triga. Vituo kadhaa vya mafunzo Marekani vilizikataza kwa sababu hiyo. Na hata ukichukua ya dole gumba, valia koti au shati refu juu yake. Hapo ni ya nje lakini haionekani, na pengine ndilo jibu la mtu mwenye kitambi anayeendesha gari kutoka Buchosa.

MamaNyegezi
Na sisi tunaovaa gauni bila mkanda? Mkoba unafaa?

Askari_Mstaafu
Mkoba wa kawaida hapana, dada. Funguo, kalamu, kijiti cha rangi ya mdomo, chochote kinaingia kwenye triga. Ukilazimika, uwe na chumba chake peke yake chenye zipu, ndani yake holsta ngumu iliyoshonewa, na mkanda wa mkoba upite kifuani. Lakini jua kwamba kitu cha kwanza mwizi wa pikipiki anachonyakua ni mkoba. Akiondoka nao, ameondoka na bastola, na taarifa polisi itolewe papo hapo, usingoje kesho.

MamaNyegezi
Basi mimi naona swali liko kwingine. Kwa nini atembee na fedha taslimu? Wauza dagaa wengi sasa wanalipana kwa simu au kwa wakala wa benki palepale sokoni.

DagaaBuchosa
Dada, wavuvi wa mwalo wetu kule Buchosa wanataka fedha mkononi mtumbwi ukitia nanga, mtandao wenyewe unakatika. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata.

Mzee_Kapripointi
Gawa fedha, usiziweke sehemu moja. Badili siku na saa za kusafiri. Hayo yanakulinda zaidi ya holsta zote mbili.

FundiNgozi_Igoma
Kuna jambo hamjaligusa: choo cha kuchuchumaa. Ukilegeza mkanda, holsta ya ndani inapinduka na bastola inaelekea shimoni. Usiitoe na kuiweka dirishani, watu wanaisahau. Shusha suruali mpaka magotini tu, kisha funga tena bizimu ya mkanda hapohapo kwenye magoti. Mkanda ukiwa umekaza, holsta haipinduki. Ya nje yenye kufuli haina shida hiyo sana.

Bwiru_Juu
Umesema kweli fundi. Na skrubu za Kydex zinalegea kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. Zitie gundi ya skrubu, zipigie mstari wa rangi ya kucha, kila Jumapili tazama kama mstari umehama. Jioni ukifika nyumbani toa risasi, futa jasho, pakaza mafuta ya bunduki kidogo sana. Mafuta ya kupikia yanaganda, usiyatumie.

DagaaBuchosa
Nashukuru wote. Nimempigia muuzaji sasa hivi. Ya ndani ni Kydex, lakini anasema imetengenezwa kwa Glock 17, eti 19 inaingia humo humo. Ni kweli?

Bwiru_Juu
Inaingia na inashika, kikingio cha triga ni kilekile. Ila mtutu wa 17 ni milimita 114, wa kwako 102, kwa hiyo holsta itakuzidi chini kwa zaidi ya sentimita 1. Ukiketi kwenye pikapu kutoka Sengerema hadi Kirumba itakusukuma pajani. Jaribu ukiwa umeketi ndani ya gari lako, si ukiwa umesimama dukani.

Askari_Mstaafu
Na hiyo ya nje, muulize inafunguliwa kwa dole gumba au kwa kidole cha shahada. Na kwa OCD umeshakwenda?

DagaaBuchosa
Bado mzee. Nakwenda asubuhi, dukani nitapita baada ya hapo. Nitaleta picha za zote mbili.