Gumzo la ukoo, South C: yule baba wa Titanic

Juma: Shikamooni wakubwa. Mwalimu wa historia ametupa insha ya Titanic. Mimi nimeangukia wale watoto wawili Wafaransa.

Mjomba Salim: Marahaba. Meli ya 1912 hiyo, watu kama 1,500 walikwenda na maji. Watoto gani?

Juma: Michel na Edmond Navratil. Mmoja karibu miaka 4, mwingine 2. Baba yao fundi cherehani mjini Nice, ametengana na mkewe. Pasaka watoto wakaenda kukaa naye. Badala ya kuwarudisha, akakata tikiti za daraja la pili kwa jina la Hoffman, wakapandia Southampton kwenda Marekani.

Mjomba Salim: Mwizi huyo.

Shangazi Mwana: Salim, mtu haibi wanawe.

Mjomba Salim: Mama yao aliagwa?

Rukia: Samahani kuwakatiza, sufuria kubwa ya shughuli ya Ijumaa iko kwa nani?

Mama Halima: Iko kwangu. Mfuniko ndio sijui ulikokwenda. Juma, endelea baba.

Juma: Usiku wa ajali baba aliingia chumbani akamvisha Michel nguo nzito, kisha wakabebwa wote wawili hadi juu. Mashua ilikuwa ya mwisho mwisho, mabaharia wameshikana mikono kuizunguka, mwanamume hapiti. Akawatoa watoto, wakapokelewa. Yeye akabaki.

Nyanya: (Rukia namwandikia) Wakaenda na nani humo?

Juma: Peke yao, nyanya. Kiingereza hawajui. Walifika New York hakuna anayewajua ni wa nani, maana jina la Hoffman lilikuwa la uongo. Abiria mmoja, Margaret Hays, aliyejua Kifaransa, akawachukua kwake.

Shangazi Mwana: Mungu ampe kheri huyo.

Juma: Picha zao zikatoka magazetini hadi Ufaransa, mama akawatambua. Mei akavuka bahari kuwafuata.

Mama Halima: Kwa hiyo kama mwezi mzima. Nyie mnamjadili baba, mimi namuona huyo mama. Ile likizo ya Agosti mnaikumbuka nyote. Simu zimezimwa. Nilikuwa nasimama stendi nikikagua kila mtoto anayeshuka kwenye matatu, hadi makanga wakanizoea. Na wangu walikuwa Nakuru tu.

Shangazi Mwana: Wifi, nisamehe. Nilisema bila kufikiri.

Mjomba Salim: Kaka alikosea. Nilimwambia usoni na nitamwambia tena.

Mama Halima: Yameshapita. Tumalize insha ya mtoto.

Juma: Mwalimu anataka maoni. Sasa niseme alikuwa baba mbaya au mwema?

Mama Halima: Andika alichofanya. Watoto aliwachukua kwa hila, na usiku ule akawatoa yeye mwenyewe. La kwanza mimi nisingemsamehe. La pili ningemwombea dua.

Mjomba Salim: Mwalimu atakunyima alama kwa kukaa katikati 😂

Nyanya: Alizikwa?

Juma: Ndiyo. Mwili uliopolewa ukapelekwa Halifax, Kanada. Kwa vile walidhani ni Hoffman, wakamzika kwenye makaburi ya Wayahudi. Kumbe alikuwa Mkatoliki.

Nyanya: Loo! Hata kaburini aliingia na jina la kukimbilia. Na wanawe walimzuru?

Juma: Edmond alifariki 1953. Michel akawa profesa wa falsafa. Alikwenda kwenye kaburi 1996, ana miaka 88. Alikufa 2001, mwanamume wa mwisho kati ya walionusurika.

Shangazi Mwana: Sasa hiyo ndiyo uanze nayo. Mzee wa miaka 88 anatafuta kaburi la babake.

Rukia: Shangazi amekuwa mwalimu 😂

Shangazi Mwana: Insha yenyewe ni ya lini?

Juma: Kesho asubuhi.

Mjomba Salim: Kesho?! Na sasa saa tano usiku. Umeandika kurasa ngapi?

Juma: Jina langu na tarehe.

Mama Halima: Zima data, Juma. Sasa hivi.