Wafuasi wengi, wanunuzi hawapo: ukurasa wa viungo unakosea wapi?

Iliki_Mdalasini
Wakuu habari, na shikamooni wakubwa. Tunauza viungo vya kusaga (masala ya pilau, bizari ya mchuzi, iliki) pakiti za gramu 50 na 100. Tupo Dar, mikoani tunatuma kwa basi. Ukurasa wa Instagram una wafuasi zaidi ya 9,000, laiki zipo, ila komenti ni emoji tupu, na wanaouliza bei wakijibiwa wanapotea. WhatsApp tunatuma tangazo kila Ijumaa, wengi kimya. Tufanye nini watu watuzoee na kutuamini?

Soko_Mjinga
Weka bei na uzito kwenye kila posti. Ile "bei njoo inboksi" inamfanya mtu ahisi anapangiwa bei kwa kuangaliwa sura.

Halafu jibu la bei tupu linafunga mazungumzo. Mtu akiuliza "bei?", mtajie, kisha ongeza swali moja linalomhusu: "Unapikia watu wangapi?" Akisema sita, mwambie pakiti ndogo inamtosha, usimsukumie kubwa. Hapo ndipo imani inapoanzia, kwa sababu ameona umeacha hela mezani kwa ajili yake.

Kuhusu cha kuposti: kuwa na daftari, andika kila swali la mteja kwa maneno yake mwenyewe. "Mbona pilau langu linakuwa chungu?" Hilo swali ni video nzima. Masala ya kusagwa yakitumbukizwa makavu kwenye mafuta ya moto yanaungua haraka na kuleta uchungu, kwa hiyo onyesha mtu anavyoyakoroga na maji kidogo kwanza, au anavyoyaweka baada ya nyanya. "Yanakaa muda gani?" Nyingine hiyo: chupa yenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko na jua, maana joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoua harufu.

Sekunde 30 hadi 40 zinatosha, watu wanalinda bando. Anza na sufuria yenye tatizo, siyo nembo yenu. Simu iwe kando ya dirisha, na maneno yaandikwe kwenye video kwa sababu wengi wanatazama bila sauti.

Bi_Hesabu
Naongezea upande wa WhatsApp. Dada, huenda hao waliokaa kimya hawajapata ujumbe kabisa. Orodha ya matangazo inamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yenu kwenye simu yake, na orodha moja inachukua watu 256 mwisho. Bonyeza ujumbe kwa muda mrefu, fungua maelezo yake, utaona umewafikia nani. Dawa yake: mnapotuma picha ya risiti ya basi, mwombe mteja palepale ahifadhi namba kwa jina la duka. Muda huo anasubiri mzigo wake, ana sababu ya kuihifadhi.

Tumieni WhatsApp Business na lebo: mteja mpya, anayerudia, mama lishe. Mama lishe anataka bei ya jumla na uhakika wa mzigo. Ukimtumia somo la kupika pilau unamkera. Majibu ya haraka, yale unayoyaandaa mapema humo, yawe ya bei, lipa namba na nauli tu. Malalamiko yajibiwe kwa mkono, au kwa ujumbe wa sauti.

Msimwingize mtu kwenye kundi bila kumwuliza, wala kuposti mazungumzo yake namba ikionekana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Laiki zisiwadanganye. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alieleza Januari 2025 kwamba kutumiana posti kuna uzito mkubwa katika kuwafikia wasiokufuata. Angalieni waliotuma kwa wenzao na waliohifadhi.

Iliki_Mdalasini
Asanteni sana. Mawili bado: tumeshauriwa shindano la "tagi marafiki watatu ushinde". Na kuna mtu ameandika kwenye komenti kwamba masala yana mchanga. Tuifute?

Soko_Mjinga
Shindano la kutagi linaleta wapenda zawadi. Baadaye hawafungui posti zenu, na ukurasa unazidi kupoa. Zawadi mpe aliyenunua akatuma picha ya sufuria yake.

Bi_Hesabu
Shindano mimi silikatai lote, karibu na Idi au Krismasi linaweza kusaidia kama zawadi ni masala yenyewe, siyo simu. Anayetaka masala ndiye atakayeshiriki.

Ila komenti ya mchanga msifute! Ataandika tena kwa hasira, na waliokwisha kuiona watajua mnaficha. Jibu leo, hadharani: mpe pole, omba picha ya pakiti, sema utamrudishia hela au utampa nyingine. Yaliyobaki mmalizie inboksi, kisha rudi kwenye komenti ileile uandike mlichogundua: binzari haikupepetwa vizuri, au chekeche limetoboka. Hatua hiyo ya kurudi wengi wanaisahau, wakati wasomaji wengine wanaisubiri.

Na kama pakiti zenu hazina tarehe ya kusaga na namba ya mkupuo (mzigo uliosagwa kwa pamoja), anzeni kuziandika na mzigo unaofuata, hata kwa kalamu ya wino mzito. Bila hiyo hamtajua mchanga umetoka gunia lipi, wala nani mwingine ameuziwa.