1,234,567 ni namba tasa? Naomba njia ya kuitafutia vigawo kwa mkono

Mwl_Masasi: Wadau, habari za jioni. Wanafunzi wameshikilia kwamba 1,234,567 ni tasa kwa kuwa haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13. Nataka kuwaonyesha ubaoni, bila kompyuta. Na mtu anajuaje pa kuishia?

Newala_Hesabu: Mwalimu, si tasa. Ni 127 × 9,721.

Pa kuishia ni kipeuo cha pili. 1,111² ni 1,234,321, na 1,112² imeshapita, kwa hiyo unajaribu namba tasa hadi 1,111. Vigawo viwili vyote vikizidi hapo, zao lao litaizidi namba yenyewe. Tasa hizo ziko 186; vijana wako wameishia ya sita!

7, 11 na 13 zimalize kwa mpigo mmoja, kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 567 − 234 + 1 = 334. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoigawanya 334, basi na namba nzima vilevile. Wengi huharibu kwa kukata kuanzia kushoto. Ijaribu 1,001 yenyewe: ukikata 100 na 1 unapata 99, na utaapa kwamba 7 na 13 hazimo.

Kwa 101 kata mbili mbili: 67 − 45 + 23 − 1 = 44, haimo. Nyingine gawanya kawaida hadi 127, tasa ya 31. Hapo 127 × 9,700 = 1,231,900, zinabaki 2,667, nazo ni 127 × 21. Baki sifuri.

Mdau_Lindi: Hiyo 9,721 nayo isiachwe hivihivi. Usianze tena na 2, 3, 5, ni kazi bure: kipeuo chake hakifiki 99, na tasa zote chini ya 127 zimeshashindwa kuigawanya namba kubwa, kwa hiyo haziwezi kukigawanya kigawo chake. Ni tasa. Vigawo vyote basi ni vinne tu: 1, 127, 9,721 na 1,234,567. Darasani sema hivi: kilo 1,234,567 za korosho zinagawiwa sawasawa kwa wakulima 127, lakini kwa 126 au 128 haziishi.

Mwl_Masasi: Ahsanteni sana. Na ile ya tofauti ya vipeo vya pili, haifai hapa?

Newala_Hesabu: Inakubali, 4,924² − 4,797², yaani (4,924 − 4,797) × (4,924 + 4,797). Ila unatafuta namba ambayo mraba wake ukitoa 1,234,567 unabaki mraba kamili: unaanzia 1,112 na kupanda moja moja mpaka 4,924, yaani majaribio 3,813, kwa sababu 127 na 9,721 ziko mbalimbali mno. Itumie vigawo vinapokaribiana: 9,991 ni 100² − 3², mara moja unapata 97 × 103.